Tenga la Kolekole

Kijana anayeuza ng'onda katika soko la Ruangwa aliniuliza juzi, "Bibi, unanunua au unanusa?"

Nikamwuliza kunusa ni bei gani.

Akacheka, nami nikaitumia nafasi hiyo kumshusha bei, maana mtu anayecheka mkono wake hulegea. Lakini alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimemshika kolekole mmoja mkavu, kapasuliwa mgongoni kwa kisu kinachojua kazi, chumvi imemganda mbavuni, na nilikuwa nimemwinamia kwa muda usiomfaa mtu anayetaka samaki mmoja. Bei ya ng'onda hapa kwetu imeharibiwa na wachimba dhahabu wa Namungo, ambao hununua kwa kunyoosha kidole na kuondoka bila kutazama chenji. Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Mara ya kwanza nahesabu mbele ya muuzaji, mara ya pili nahesabu peke yangu. Watoto wangu husema nilizaliwa hivyo. Sikuzaliwa hivyo. Nilijifunza kwa kolekole, na ndiyo sababu nilikuwa nimeinama pale, kikongwe mzima, pua ndani ya tenga la mtu.

Wenzangu mliokulia Ruponda, Mnero na Nachingwea yenyewe, mnawakumbuka wazungu wa karanga. Walikuja na vyuma vyao, wakang'oa misitu ambayo babu zetu walikuwa wakiizunguka kwa adabu, wakajenga reli kwa ajili ya karanga ambazo hazikutosha kujaza mabehewa, kisha wakafunga virago. Baba yangu aliendesha moja ya katapila zile. Alikuwa Mmakua, aliyevushwa Ruvuma mgongoni kwa mama yake, na mama yake alipofariki hakubaki na ndugu hata wa kumwombea moto. Kuendesha katapila kulimpa jina. Watu wote wa Ruponda walimwita Dereva.

Mnakumbuka pia jinsi ndoa zilivyokuwa kwetu. Mwanamume aliyeoa alihamia kwa mke. Alijenga kwenye uwanja wa wakwe, alilima shamba la mama mkwe kabla ya kugusa lake, na watoto waliozaliwa walikuwa wa upande wa mama, chini ya mjomba wao. Baba wa watoto alikuwa mgeni mwenye jembe. Akilima vizuri, aliheshimiwa. Asipolima, jembe lilibaki na mgeni akaondoka.

Baba hakulima. Wakati wa karanga alikuwa akiwalipa watu wamlimie bibi, mama mkwe wake, na bibi alipokea, ila alisema mtama wa kibarua hauna ladha. Wazungu walipoondoka, baba alirudi na kofia na harufu ya dizeli. Akashika jembe kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na kabla jua halijasimama mikono yake ilikuwa imefura malengelenge. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa akipita kando ya shamba na kusema, "Dereva, kata kona, huo mstari unaelekea Masasi." Watu walicheka. Baba naye alicheka, kisha siku moja akapotea. Mvua zote zilinyesha akiwa hayupo, na shamba la bibi likaota majani.

Alirudi baada ya mavuno ambayo hakuyalima. Mimi nilikuwa nimetumwa Mnero kwa mama mdogo, na niliporudi nilikuta baba analala kwa jirani. Nikauliza kwa nini. Nikaambiwa nyumbani kuna kunguni. Nikaona ni sababu nzuri, isipokuwa nilishangaa kwa nini kunguni wanamuuma baba peke yake.

Nilikuja kujua nikiwa mtu mzima kwamba wakati nilipokuwa Mnero kikao kilikaa na talaka ikatamkwa. Baba alisimama peke yake kwenye kikao kile, bila mjomba, bila kaka, bila mtu wa kumsemea neno. Mimi nilikiona kikao cha pili tu. Nilikuwa nimekaa karibu nikipura kunde, na mama alikuwa ndani ya nyumba, mlango umerudishwa.

"Mvua nzima hukuonekana, shemeji," mjomba alisema.

"Nilikuwa baharini, shemeji. Siku hizi navua."

"Mama mkwe wako hali bahari."

"Nimeleta chumvi."

"Ya kulia na nini?"

Baba akanigeukia. Halafu akasema, "Nipe mtoto."

"Mtoto si wako wa kupewa. Hata kwenu Umakuani ni hivyo, unajua."

"Najua. Basi niazime."

"Mtoto haazimwi kama mchi."

"Mwaka huu anaingia unyago," baba alisema. "Ngoma ina wageni. Kitoweo cha wageni kinatoka wapi? Nitakileta mimi. Tenga zima la ng'onda. Nipe mtoto anisaidie kukausha."

Mjomba alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Niliona neno tenga likimwingia.

"Tenga zima."

"Zima."

"Likijaa, mtoto anarudi."

"Likijaa."

"Na tenga nalichagua mimi."

"Chagua, shemeji."

Mjomba akaenda nyuma ya ghala akatoka na tenga lililosukwa kubebea mihogo, ambalo ningeweza kulala ndani nikajinyoosha. Alifikiri amemshinda baba. Nilimtazama baba. Alikuwa akilitazama lile tenga kubwa kwa uso wa mtu aliyeongezwa kitu, na nikawaza, maskini baba, hajui biashara.

Mimi nilielewa hivi. Baba ameacha shamba la bibi liote majani, kwa hiyo ametozwa faini ya tenga moja la samaki. Akilipa, anarudi nyumbani, kunguni au hakuna kunguni. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijumlisha mwenyewe, na nilikuwa na uhakika kama mtu aliyejumlisha mwenyewe.

Asubuhi mama alinifungia unga na kanga yake ya zamani. Alinifunga kilemba mara tatu, akakifungua mara tatu. Kwa baba hakusema neno, na baba alisimama mbali kidogo, tenga kichwani, kama mchuuzi anayengoja kuitwa.

Tulishuka kwa treni ya karanga hadi inapokutana na mkono wa bahari upande wa Lindi. Nilikuwa nimesikia habari za bahari, na nilipoiona niliona maji mengi kuliko matumizi. Baba alikuwa amepanga banda kando ya mikoko kwa mjane mmoja aliyeitwa Bi Somoe, mwanamke mwenye sauti ya kuuzia, ambaye pamoja na wenzake walikuwa wakitanda dagaa, wakiwazoa kwa vitambaa maji yakipwa. Siku ile ya kwanza alinizunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

"Dereva, huyu ndiye mwali wenyewe? Huko bara mnawalisha nini, majivu?"

"Mtama," nilisema.

"Anajibu," Bi Somoe alimwambia baba. "Utapata taabu."

Sikupata kufurahi tena katika maisha yangu kwa namna ile, na nimefurahi mara nyingi. Baba alinifundisha kushika mshipi. Ulizungushwa kwenye kipande cha mti, mwishoni kuna chubwi ya risasi ya kuuzamisha na ndoana, na juu ya ndoana alifunga manyoya meupe ya kuku. Kolekole hana subira, alisema. Samaki wengine huonja chambo kama mtu anayeonja mchuzi. Kolekole huona kitu cheupe kinakimbia na hukata shauri la kukila kabla ya kujua ni nini. Tulikwenda kwa mtumbwi mdogo, baba akipiga kasia nyuma, mimi mbele nimeuachia mshipi nyuma yetu kwenye maji. Unapita kidoleni kama unakutekenya. Kisha unashtuka umevutwa hadi begani.

Nilipomtoa wa kwanza alikoroma. Hakuna aliyeniambia kwamba samaki anaweza kukoroma. Alilala chini ya mtumbwi, wa fedha, bapa kama ubao, akitoa sauti ile ya mzee anayekataa bei. Nikamwuliza baba anasemaje. Baba akasikiliza kwa makini.

"Anasema wewe ni mwizi."

"Mwambie tutamweka chumvi."

Baba alicheka hadi kasia likamponyoka. Na mimi nilimshika samaki mkiani, mahali ambapo kolekole ana magamba yaliyojipanga kama meno ya msumeno, nikachanika kiganja. Kovu hilo ninalo, na wachuuzi huliona ninaponyoosha mkono kupokea chenji.

Tulipasua mgongoni, tukatoa matumbo, tukasuuza kwa maji ya bahari, tukapaka chumvi, tukaanika juu ya kichanja. Kazi ya kuwageuza na kufukuza kunguru ilikuwa yangu. Waliokauka niliwapanga ndani ya tenga, nikawahesabu. Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu hesabu ya jana haikuwa ikilingana na ya leo. Niliacha samaki wa kunifika kiwikoni nikisimamisha mkono tengani, nikaenda kisimani, nikirudi nikakuta wamenishukia hadi kwenye kifundo cha mkono. Mwanzoni nilidhani nimekosea. Nikahesabu upya, safari hii nikimgusa kila mmoja. Sikuwa nimekosea.

Nikamshuku paka wa Bi Somoe. Nilimkabidhi mwenye paka mashitaka yangu akiwa anakamua vitambaa vyake.

"Paka wangu?" alisema. "Huyu mwenye jicho moja? Huyu akiona samaki humsalimu."

"Samaki wanapungua."

"Wanapungua kwa kukauka, mwali. Kila kitu kikikauka hupungua. Nitazame mimi."

Lakini siku chache baadaye nilitoka kisimani mapema kwa sababu foleni ilikuwa fupi, nikamwona Bi Somoe anatoka bandani kwetu na ungo umefunikwa kanga, na baba anamsindikiza mlangoni. Chini ya kanga mkia ulikuwa umechungulia. Ningeutambua mkia ule popote.

Nikangoja aende. "Baba, Bi Somoe anachukua samaki wetu."

"Nimempa. Kodi ya banda."

"Juzi pia ulimpa."

"Juzi nililipa ukuta mmoja. Banda lina kuta nne."

"Na paa?"

Baba alinitazama, kisha akatazama pembeni. "Paa bado hatujaelewana," alisema.

Nilikasirika sana. Sikumkasirikia yeye. Nilimkasirikia mjane aliyekuwa akimla mtu asiyejua biashara. Nilikuwa nimeshaona alivyo baba. Alikubali tenga kubwa. Siku nyingine samaki walikuwa wengi na yeye alikuwa akigeuza mtumbwi, akisema mkono unamuuma, mkono ule ule uliokuwa ukinirusha majini na kunidaka muda mfupi uliopita. Siku nyingine aliketi kutwa nzima akinoa ndoana moja. Kwa mwendo ule, nilijiambia, faini haitalipika na mama atakaa peke yake hadi azeeke. Ilibidi mtu mmoja katika familia awe na akili.

Kwa hiyo nilikwenda kujadiliana na Bi Somoe mwenyewe. Nilimkuta majini, maji magotini.

"Bi Somoe, kodi yako kwa mwezi ni samaki wangapi? Nitajie, nikupe wote kwa mkupuo."

Aliniangalia. "Kwenu hakuna mtu wa kukuambia unyamaze?"

"Yupo. Yuko Ruponda."

"Una haraka ya nini?"

"Nataka tenga lijae, twende nyumbani."

"Mwende, wewe na nani?"

"Mimi na baba."

Bi Somoe alikuwa akikamua kitambaa. Mikono yake ikasimama, maji yakiendelea kudondoka. "Baba yako amekuambia mnakwenda wote?"

"Hajaniambia. Nimehesabu mwenyewe."

"Hesabu tena," alisema, na sauti yake ya kuuzia haikuwemo.

Nikahesabu tena. Tenga likijaa, faini imelipwa. Faini ikilipwa, baba anarudi. Jibu lilikuwa lile lile, nikamwambia. Akaniwekea dagaa kwenye kanga, wengi kuliko walivyostahili maneno yangu, akanigeuza mabega nielekee ufukweni.

Jioni ile nilimsikia nje ya banda akiongea na baba kwa sauti ya chini.

"Mwambie mtoto."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Likikaribia kujaa."

"Na wewe huliachi likaribie. Mimi samaki wako nimechoka kuwaficha, Dereva. Nyumba yangu nzima inanuka uongo wako."

Nikajua wanagombana kuhusu paa.

Siku ya kolekole wengi baba hakuwepo. Alikuwa amevuka kwenda mjini kununua ndoana, ingawa ndoana tulikuwa nazo. Nilikuwa nikigeuza samaki kichanjani nikasikia wanawake wanapiga vigelegele, nikadhani kuna harusi. Maji yalikuwa yanachemka. Dagaa walikuwa wameingia mkononi mwa bahari, wengi hadi maji yakabadilika rangi, na nyuma yao walikuja kolekole, wakiwafukuza hadi kwenye mchanga. Dagaa walikuwa wakiruka nchi kavu kuliko kuliwa. Wanawake waliwazoa kwa vitambaa, kwa sufuria, kwa pindo za nguo. Mimi nikachukua mshipi.

Sikuhitaji mtumbwi. Nilisimama maji kiunoni, nikarusha, nikavuta. Nikarusha, nikavuta. Kila nikirusha walikuwapo. Nilikuwa nikiwatupa mchangani nyuma yangu bila kutazama, wakikoroma wote pamoja kama mnada. Kiganja kilichanika tena na chumvi ikaingia, na sikusikia. Bi Somoe alinijia mara mbili.

"Inatosha, mwali."

"Haijatosha."

"Nakuambia inatosha. Toka, damu itakuletea papa."

"Papa naye nitamkausha."

Akarudi nyuma, ameshika kichwa.

Kisha nikageuka, nikamwona baba. Alikuwa ameshuka kwenye mtumbwi wa kuvukia na karatasi ya ndoana mkononi, amesimama katikati ya samaki wangu. Aliwatazama. Alinitazama mimi. Sikuuelewa uso wake, nami nilidhani ni mshangao wa mzazi mwenye mtoto hodari, kwa hiyo nikampungia mkono wenye damu. Halafu akavua shati, akalitupa, akaingia majini akikimbia, akavua.

Nimewaona wavuvi wengi tangu siku ile. Sijamwona mwingine kama yeye. Kwa wiki nyingi nilidhani baba ni mvuvi mbovu, na siku ile nilitambua kwamba alikuwa akijizuia, ingawa sikujiuliza sababu. Mkono haukumuuma. Alirusha mshipi mbali kuliko wanaume wa pale, alivuta samaki wakubwa kuliko mguu wangu, na kila alipomtoa mmoja alinigeukia na kuuliza, "Huyu anasemaje?" nami nilimtafsiria. Huyu anasema alikuwa na safari. Huyu anasema umuulize mke wake. Tulicheka hadi tukameza maji ya chumvi. Alivua kama mtu aliyesahau hesabu. Nafikiri kwa muda ule alikuwa amesahau kweli, na kama kuna kitu namshukuru Mungu nacho ni hicho, kwamba alisahau.

Maji yalipotulia tulikaa mchangani kupasua. Kisu cha baba kilianza haraka, kisha kikapunguza mwendo, na samaki wa mwisho alimshikilia muda mrefu kabla ya kumfungua.

Walipokauka, tenga lilijaa hadi kwenye mdomo na wengine wakazidi. Waliozidi niliwafunga kwenye kanga ya mama, zawadi ya bibi. Bi Somoe hakuja tena na ungo.

"Mama," baba aliniuliza, maana ndivyo alivyoniita, "limejaa?"

"Limejaa, baba. Nimehesabu mara mbili."

"Basi," alisema.

Kwenye treni ya kupanda baba alinisogeza dirishani nikaona mashamba ya karanga yaliyoachwa, majani yameanza kuota juu ya kazi yake yote. Nilimweleza jinsi atakavyorekebisha nyumba, na kwamba kunguni huondoka kwa maji ya moto. Akasema maji ya moto ni dawa nzuri.

Mjomba alikuwa akitungoja stesheni ya Nachingwea na vijana wawili wa kubeba. Baba alilishusha tenga mwenyewe. Mjomba akafungua kifuniko, akanusa, akaridhika. Hapo baba alifanya kitu nisichokitegemea. Aliingiza mikono yake yote miwili ndani ya tenga, akaegemea kwa uzito wake wote, akakandamiza. Ng'onda zilialika. Zilishuka. Juu pakabaki nafasi.

"Tazama, shemeji," alisema, akihema kidogo. "Halijajaa. Bado mkono mmoja."

"Treni imelitikisa."

"Tulisema likijaa."

"Shemeji."

"Mkono mmoja tu. Mwezi mmoja. Tunashuka na treni hii hii, tunaujaza, tunarudi. Neno lilikuwa likijaa, na ulilisema wewe mbele ya watu."

Mjomba aliitazama ile nafasi. Vijana wake walitazama mbali. Alikuwa mtu mgumu, lakini neno lake la mbele ya watu alikuwa halirudishi, na nilimwona akikuna kidevu kama anavyokuna mtu aliyebanwa na mapatano yake mwenyewe. Karibu angekubali. Leo najua karibu angekubali.

Mimi niliona baba anaharibu kila kitu. Faini imefika mlangoni, na yeye, kwa uaminifu wake wa kijinga, anaonyesha upungufu ambao hakuna aliyeuona. Nikakaa chini, nikafungua kanga. Nikatoa samaki wa bibi, nikawapanga juu, mmoja mmoja, mgongo kwa tumbo, kama alivyonifundisha, hadi nafasi ikaisha na mmoja akabaki mkononi. Nikauweka mkono wangu juu kuonyesha kwamba hata kidole hakiingii.

"Sasa limejaa," niliwaambia wote wawili.

Nilingoja kusifiwa, na sifa haikuja. Baba alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa tenga, mikono yake ina chumvi. Mjomba ndiye aliyesema kwanza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimsikia akimsemesha baba taratibu.

"Shemeji, twende nyumbani ule kwanza."

"Treni inageuza," baba alisema.

"Itageuza na kesho."

"Kesho itakuwa vigumu zaidi, shemeji."

Ndipo nikaelewa kwamba haendi nasi Ruponda. Sikuelewa zaidi ya hapo. Nikamwuliza anakwenda wapi, na faini tumeshalipa. Baba alimwangalia mjomba, mjomba akatazama reli.

"Nakwenda kuvua," baba aliniambia. "Tenga hili ni la kazi. Likiwa tupu nitakuja kulichukua."

"Likiwa tupu?"

"Tupu kabisa."

Akafuta mikono kwenye suruali yake, akanishika kichwa kwa viganja viwili, akapanda.

Niliingia unyago nikatoka. Yaliyo ya ndani hayaandikwi. Ya nje naweza kuyasema: niliomba wageni walishwe ng'onda asubuhi na jioni, nikawaongezea waliokwisha kushiba, hadi sifa za ukarimu wangu zikamfikia bibi, ambaye hakuelewa tabia ile imetoka ukoo gani. Samaki waliisha mapema kuliko ngoma. Nililikung'uta tenga mwenyewe, nikaliweka mahali linapoonekana kutoka njiani.

Hakuja. Mjomba hakutaka lirudi kwenye mihogo, wala bibi hakulitaka ndani kwa sababu ya harufu, kwa hiyo lilibaki chini ya ukingo wa ghala, na kuku mmoja mwekundu akaliona. Akaanza kutagia humo. Mimi niliamka kila asubuhi kabla ya kazi, nikamfukuza, nikatoa mayai na majani aliyokokota, nikaligeuza mdomo juu, ili mtu akipita njiani aone ni tupu kabisa. Kuku alirudi. Nikamfukuza. Mvua zilikuja, tukalima shamba la bibi wenyewe, mama na mimi na jembe moja la kupokezana, na bado kila asubuhi nilikuwa na kuku wangu wa kufukuza. Mama aliniona. Hakuniuliza ninafanya nini.

Asubuhi moja nilichelewa kuamka kwa uchovu wa kupalilia. Nilitoka mbio nikiwa nimeshika fimbo yangu ya kuku. Kuku alikuwa amesimama uani, amenuna. Tenga lilikuwa limegeuzwa mdomo juu, limefagiwa ndani, hakuna hata jani. Mama alikuwa anatembea mbele yangu kuelekea shambani, jembe begani, na kwenye pindo la kanga yake alikuwa amefunga mayai.